Mama Tabby Afufuka Langas

Habari ya kufufuka kwa Mama Tabby ilisambazwa na Mama Tabby mwenyewe, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla hajapiga mswaki. Usicheke bado. Wewe pia una mtu wa aina hiyo kwenye simu yako, na huenda ndiye aliyekuzaa.

Jina lake ni Virginia, na mtaa wa Langas ulimjua kwa vitu viwili: kibanda chake cha viazi na vitunguu, na simu yake. Hakuna muujiza uliotokea mbinguni wala duniani ambao haukupitia kwenye simu ile. Malaika walioonekana mawinguni juu ya Turbo, yeye alituma. Nyoka aliyeingia kanisani akataja majina ya wazinzi, yeye alituma, akaongeza, "Mwenye masikio asikie." Habari ya yule mtu aliyekwenda motoni akarudi na orodha ya wanasiasa, hiyo aliituma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza watu walikawia kusema Amina.

Mumewe Kinyanjui, fundi viatu mwenye maneno machache na simu ndogo ya mulika mwizi isiyo na intaneti, alikuwa akimwuliza, "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa simu."

"Simu ya nani?"

"Yangu, Baba Tabby. Kwani hii ni ya nani?"

Mazungumzo yao yaliishia hapo kila mara. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Kinyanjui hakulijua, wala mtu mwingine yeyote. Virginia hakuwa akifungua vidio. Vidio hula bando, na bando ni ya kutafuta kwa jasho. Alisoma maandishi ya juu, akaona yana Mungu ndani, akayasukuma mbele. Picha yenyewe ilibaki na ukungu wake wa kijivu na mshale katikati, bila kuguswa.

Asubuhi hiyo maandishi yalisema: MUNGU WETU NI MKUU!!! MAMA AFUFUKA KWA JENEZA SIKU YA TATU HUKO ELDORET, MADAKTARI WABAKI VINYWA WAZI. TUMA KWA WATU KUMI UTAONA MKONO WA BWANA KABLA YA JUMAPILI.

Eldoret! Hapa hapa nyumbani! Na mkono wa Bwana kabla ya Jumapili ndio hasa Virginia alikuwa akiutaka, maana Jumamosi ilikuwa siku ya ruracio. Binti yake Tabby, mwalimu wa chekechea, alikuwa aposwe rasmi na kijana wa Sugoi anayeitwa Kipkirui, na wazee wa Kipkirui walikuwa waje kuketi na wazee wa upande wa kina Tabby wazungumze mahari. Mkikuyu wa Langas na Mnandi wa Sugoi. Pande zote mbili palikuwa na mashangazi waliokunja pua, na Virginia alikuwa amewanyoosha pua hizo moja moja kwa miezi minane. Kwa hivyo alituma kwa grupu tatu: Mama wa Maombi, Wafanyabiashara wa Soko, na ile ambayo dada mkubwa wa Kipkirui, Jepchirchir, aliifungua kwa ajili ya mipango ya Jumamosi, Wakwe Wapendwa. Halafu akaongeza kwa kidole chake mwenyewe maneno ambayo huyaongeza siku zote: "Huu ni ukweli mtupu. Mimi mwenyewe ni shahidi."

Akaweka simu chini, akaenda kupiga mswaki.

*

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mgumu wa kujadiliana bei. Siku zote hugeuza viazi vyote kwenye debe akilalamika kwamba vina macho. Leo alichukua alivyopewa, akakataa chenji, na alipokuwa anaondoka akagusa sweta ya Virginia kwa vidole viwili, haraka haraka, kisha akavipangusa kwenye goti lake bovu.

"Bwana asifiwe," Virginia akasema kwa mshangao.

"Asifiwe sana, Mama. Wewe ndio unajua vile asifiwe."

Virginia akafurahi. Mkono wa Bwana umeanza mapema, akajisemea. Wa pili alisimama mbali akampiga picha. Wa tatu alikuwa Mabonga, seremala wa majeneza, jirani wa kibanda cha tatu, na huyo hakuja kununua kitu.

"Mama Tabby, umeniharibia biashara."

"Mimi? Nimekufanya nini?"

"Tangu nifungue, watu wanne wamekuja kuuliza kama majeneza yangu yana upako. Wa tano alikuwa amelipia la mjomba wake, amerudi ameitisha pesa yake. Anasema yeye hawezi kuzika mjomba kwa jeneza la fundi ambaye watu wanatoka ndani ya majeneza yake. Kuna shamba wanataka kugawa."

"Mabonga, umekunywa nini?"

Mabonga akamwekea simu yake mbele ya uso, akabonyeza ule mshale.

Jeneza. Watu wamelizunguka. Kifuniko kinasukumwa kutoka ndani, na anatokea mwanamke aliyefungwa shuka jeupe kuanzia kichwani, pamba puani, mikono imenyooshwa mbele. Watu wanapiga nduru, wengine wanakimbia. Mtu fulani, huko vidio ilikotoka, alikuwa ameongeza kinanda cha kuliza watu. Mwanamke anatoa pamba puani na kuangalia huku na huku. Ni Virginia. Ni yeye kabisa, na lile pengo lake la chini.

"Ngai!" akasema, akakalia gunia la vitunguu.

Ilikuwa Pasaka, wiki tatu zilizopita. Kanisa lao lilikuwa limeandaa mchezo wa Lazaro. Mabonga aliwaazima jeneza, la mninga kabisa, kwa masharti kwamba lirudi bila mkwaruzo. Sehemu ya Lazaro alikuwa amepewa George, mwenyekiti wa vijana, jitu la miraba minne, lakini George alipoliona jeneza akakumbuka ana safari. Wanaume wengine wote nao wakakumbuka mambo. Mmoja alisema waziwazi kwamba yeye haingii kitu cha namna hiyo akiwa na akili zake, kitazoea umbo lake. Basi Virginia akapandisha sketi, akasema, "Leteni hilo shuka," akaingia. Vivian, katibu wa kwaya, alirekodi mchezo wote dakika ishirini na mbili akauweka kwenye ukurasa wa kanisa. Na sasa mtu asiyejulikana alikuwa amemkata Yesu, amewakata Martha na Mariamu, amebakiza sekunde arobaini za Virginia na kinanda.

"Nani amefanya hivi?" akauliza. "Nani huyo shetani anasambaza hii kitu?"

Mabonga akamtazama kwa huruma. "Mimi nimeipata kwa grupu ya soko, Mama. Umeituma wewe. Hapa umeandika wewe ni shahidi."

*

Alichofanya Virginia baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Alichukua simu yake, akaingia kila grupu, akaminya ujumbe wake hadi ukamwuliza kama anataka kuufuta. Akakubali. Ukatoweka. Akashukuru Mungu. Hakujua kwamba alikuwa amejifutia yeye peke yake, na kwamba watu wengine wote duniani bado walikuwa wanamwona akitoka.

"Mathe!" Tabby alifika nyumbani saa saba mchana akihema, chaki bado mikononi. "Mathe, umefanya nini? Kwani hukuona ni wewe?"

"Sikuifungua," Virginia akasema polepole.

"Hukuifungua?"

"Usipige kelele, baba yako atasikia."

Kinyanjui, aliyekuwa ameketi mlangoni na kiatu mapajani, alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, na mabega yake yakawa yanatikisika, na Virginia alijua kwamba hakuwa analia.

Akaandika kwa Mama wa Maombi: Wapendwa, ile habari si ya kweli, ni ule mchezo wetu wa Pasaka, mlikuwepo wenyewe. Wale waliokuwepo walijibu kwa vicheko. Lakini grupu ilikuwa na wanawake mia na kumi kutoka makanisa sita, na wengi hawakuwepo. Wakaanza kumjibu. Shetani asikuibie ushuhuda wako, dada. Usione haya kwa ajili ya Bwana. Mmoja alikwenda mbali zaidi, akamkumbusha maneno yake mwenyewe ya wakati wa yule nyoka: "Wewe ndiye ulituambia anayeuliza maswali ana roho ya Tomaso. Leo umekuwa Tomaso wa kujiuliza mwenyewe?"

Virginia alisoma hiyo mara tatu.

Kufikia saa tisa watu walikuwa wamejaa uani. Kuna aliyeleta kuku, kuna aliyeleta maji kwenye chupa yaombewe. Kinyanjui aliwekwa langoni awaeleze.

"Mke wangu hajakufa," alikuwa akisema. "Tumelala chumba kimoja miaka ishirini na sita. Ningejua."

"Na wakati alikufa ulijisikiaje, Mzee?" kijana mmoja akamwuliza, simu imeinuliwa.

"Sikupata nafasi," Kinyanjui akajibu.

Watu wakacheka, lakini hawakuondoka. Virginia, ndani, alikuwa anaanza kucheka naye, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, hata yeye aliona. Ndipo akaingia mwanamke kijana, jina lake Faith, ametoka Turbo na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto. Virginia alimgusa shingo akaondoa mkono.

"Ameanza lini?"

"Juzi. Nilikuwa nampeleka kliniki leo, halafu nikaona hiyo vidio, nikasema wacha nije kwako kwanza."

Kicheko kilimwisha Virginia mwilini mara moja. Alimwambia Tabby alete leso, akamfunika mtoto vizuri, akamkamata Faith mkono, akapita naye katikati ya umati hadi kliniki ya pale barabarani, akaketi naye kwenye benchi mpaka mtoto alipochomwa sindano na kupewa dawa. Muuguzi alisema ni vizuri wamekuja, kifua kilikuwa kinaziba. Faith akamshukuru Virginia kwa kumwombea.

"Sijakuombea," Virginia akasema. "Nimekuleta hospitali. Sikia tofauti, mwanangu. Mimi ni mama wa viazi." Na akalia pale pale kwenye benchi, kwa sababu alikuwa amefikiria habari zote alizowahi kutuma bila kufungua, na safari ambazo huenda watu walizifunga kwa kuziamini.

Alikuwa bado anafuta macho simu ilipolia. Ni Jepchirchir.

"Mama Tabby, habari ya jioni. Ni vile Mzee wetu amesema nikuambie." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetumwa jambo asilolipenda. "Amesema Jumamosi hatukuji."

"Jepchirchir, ile ni mchezo wa kanisa! Kipkirui anajua, alikuwa amekaa kiti cha mbele!"

"Kipkirui amemwambia. Mzee amesema Kipkirui amependa, na mtu amependa si shahidi. Amesema hawezi kuoa kwa watu wanauza miujiza. Pole, Mama. Hata mimi sijui nifanye nini."

Tabby alipoambiwa hakulia. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kukunja leso moja, akaikunja mpaka ikawa ndogo ya kutosha kiganjani. Virginia alitamani binti amtukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Kesho tunaenda Sugoi," Virginia akasema.

"Mathe, huwezi. Mama wa msichana haendi kwa wakwe kabla hawajakuja. Watu watasema nini?"

"Si wanasema nimetoka kaburini? Waongeze na hiyo."

*

Mzee Wilson, baba yake Kipkirui, alikuwa ametoka kupalilia, gambuti zake zimejaa udongo mwekundu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kustaafu, na bado aliwatazama watu kama wanafunzi ambao hawajaonyesha njia ya kupata jibu. Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Aliwakaribisha Virginia, Kinyanjui na Tabby sebuleni, Jepchirchir akaleta chai, na hakuna aliyesema jambo la maana mpaka kikombe cha kwanza kikaisha.

"Mzee," Virginia akaanza, "najua nimevunja desturi. Kwetu wakisikia, watasema nimekuletea msichana kwa mguu."

"Umefika. Sema."

Virginia akatoa simu. Alikuwa amenunua bando kubwa kuliko zote alizowahi kununua, na Vivian alikuwa amemtumia ule mchezo mzima. "Hapa kuna yote, dakika ishirini na mbili. Utaona Yesu mwenyewe, ni yule mwalimu wetu wa Sunday school."

Mzee Wilson akausukuma mkono wake nyuma, kwa adabu. "Mama, mimi nimechoka na vidio. Ya kwanza imenionyesha ukitoka kwa jeneza. Hii itanionyesha nini? Ukirudi?"

Tabby akainamisha kichwa. Kinyanjui akakohoa.

"Ile ya kwanza," Mzee akaendelea, "haikutoka kwa mtu nisiyemjua. Imetoka kwa mkono wako. Umeandika ni ukweli mtupu, wewe ni shahidi. Sasa unaniambia ni mchezo. Ni lini ulikuwa unadanganya, jana ama leo?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Virginia alikuwa amejiandaa njia nzima kusema simu iliibwa, au kwamba kuna mtu aliingia kwenye akaunti yake. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akamwona Tabby.

"Sikuifungua, Mzee."

"Hukufungua nini?"

"Vidio. Mimi huwa sifungui. Zinakula bando. Nasoma hapo juu, nikiona ni ya Mungu, natuma."

Jepchirchir alijifunika mdomo kwa ukingo wa aproni. Mzee Wilson aliliweka jambo hilo sawa kichwani, polepole.

"Kwa hivyo ulitangaza mtu amefufuka, ukaapa wewe ni shahidi, na hukujua huyo mtu ni wewe."

"Ndiyo, Mzee."

Likisemwa na mwalimu, tena taratibu hivyo, lilikuwa jambo la kijinga kuliko alivyofikiria. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hakuwahi kuaibika namna hiyo mbele ya mtu ambaye angekula naye Krismasi.

"Hata hiyo ni hadithi," Mzee akasema. "Mwongo naye angeweza kuitunga. Nikuamini kwa nini?"

Na hapo, sijui lilitoka wapi, pengine ni ile aibu iliyofika mwisho wake ikageuka, Virginia akaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Mzee, wewe ulichanga ngapi?"

"Kuchanga nini?"

"Matanga yangu."

Mzee Wilson akamtazama. "Hakuna mtu aliniitisha."

"Jepchirchir, wewe uliongezwa kwa grupu ya mchango?"

"Hapana, Mama."

"Mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Mweka hazina? Tulikuwa tunakutana wapi jioni?" Alikuwa amesimama sasa. "Mzee, Langas mtu akiteguka mguu, saa hiyo hiyo grupu imefunguliwa, na wewe umeongezwa bila kuulizwa! Mimi niko kwa chama tatu. Mimi ni mama wa kanisa. Nimelala kwa jeneza siku tatu nzima, na katika hii Uasin Gishu yote hakuna mtu hata mmoja amesumbuliwa na shilingi mia? Hakuna basi limekodishwa? Hakuna mtu amegombania kusoma risala? Hiyo habari inasema madaktari. Madaktari gani? Siku ya tatu. Kutoka siku gani? Haina jina langu, haina kanisa, haina mtaa. Nimekufa, Mzee Wilson, na hakuna hata mtu mmoja ameandikwa kwamba alilia!"

Kisha kitu kikaanza kusogea chini ya koti la Mzee Wilson. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, na kilipofika mdomoni kilikuwa kicheko kikubwa, cha sauti, kilichomfanya ashike mkono wa kiti. Jepchirchir akaachilia chake. Kinyanjui, ambaye alikuwa ameshikilia cha kwake tangu jana, akalia machozi.

"Ni kweli," Mzee alisema alipopata pumzi. "Ni kweli kabisa. Kenya hii, mtu afe bila kamati? Hiyo haiwezekani. Hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeona." Akacheka tena. Kisha, kidogo kidogo, kicheko kikamwisha, akabaki anaangalia gambuti zake.

"Mimi sikuona," akasema.

Mzee akaangalia dirishani.

"Mama Kipkirui tulimzika mwaka juzi. Huko nyuma ya nyumba. Jana asubuhi nimepata hiyo vidio, sijaangalia sura ya mtu. Nimeona tu mwanamke anainuka. Nikaitazama mara kumi na moja, nilihesabu. Mimi, mwalimu. Nikasema, kama Langas imewezekana, hata Sugoi si mbali. Nikavaa hizi gambuti nikaenda kusimama pale kaburini." Akapangusa uso kwa mkono mzima. "Halafu Jepchirchir akaniambia huyo ni mkwe wetu, Kipkirui akasema ni mchezo. Hasira yangu haikuwa ya ruracio, Mama. Niliona aibu."

Virginia alikuwa amefika Sugoi akidhani aibu yake ndiyo kubwa. Aliinuka akaenda kuketi kwenye kiti kilicho karibu na mzee huyo, akamshika mkono, jambo ambalo nalo desturi haikuliruhusu.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyekutuma pale kaburini. Ningefungua ile kitu, usingeenda."

Mzee Wilson hakuuondoa mkono. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Ndani ya lile sanduku. Ulisikia nini?"

Virginia akafikiria. Aliona kwamba swali hilo halikuwa la mchezo.

"Kulikuwa na giza, na harufu ya vanishi. Sikuogopa. Nilikuwa nawasikia watu wangu hapo nje, wanaimba. Nilikuwa najua kila sauti ni ya nani."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena. "Tulimwimbia sana," akasema. Halafu akasimama, akapiga gambuti moja kwa nyingine udongo ukaanguka kwenye sakafu ya Jepchirchir. "Jumamosi tuko watu kumi na wanane. Chai yenu isiwe na maji mengi."

*

Walikuja ishirini na saba. Walikuja na maziwa ya mursik kwenye vibuyu vilivyopambwa kwa shanga, na shangazi Chebet, aliyekunja pua kuliko wote, ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote pale langoni. Wanawake wa Langas walikataa kufungua mpaka waimbiwe vya kutosha. Mabonga alikuja amevaa suti. Vivian alileta kwaya nzima. Wazee walijifungia ndani na mambo yao ya wazee, wakatoka wakiwa wanashikana mabega, na Kinyanjui alikuwa amevaa viatu alivyovishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo.

Kisha ikafika sehemu ambayo kila mtu alikuwa akiingojea. Wakikuyu hawamtoi binti hivi hivi. Wasichana sita walitoka nyumbani wamefunikwa leso kuanzia utosini hadi vidoleni, wakajipanga mstari uani, na Kipkirui akaambiwa amchague wake bila kugusa na bila wao kusema neno. Akikosea, faini. Simu zikainuka kila upande.

"Simu chini," akasema Mzee Wilson. Hakupaza sauti. Alisema kama walimu wanavyosema, na simu zote zikashuka.

Kipkirui akapita mbele ya wa kwanza hadi wa sita. Akarudi. Uani pakawa na makelele ya kumshauri.

"Ni huyo wa pili, angalia kimo!"

"Wa tano, kijana! Nakuapia, nimemwona akivaa!"

"Chagua, bwana, chakula kinapoa!"

Hata shemeji zake watarajiwa walimwapia. Hata Vivian, mtu wa kwaya, aliweka mkono kifuani. Kipkirui akasimama katikati, jasho linamtoka, akageuka akamtazama Virginia, ambaye alijitahidi sana kuangalia mbinguni.

"Hayuko hapa," Kipkirui akasema.

"Yuko!" wakapiga kelele wote.

"Tabby hayuko hapa. Nimeangalia mmoja mmoja. Mleteni."

Vigelegele vililipuka uani. Leso sita zikatupwa, na kweli, walikuwa binamu watupu. Mlango wa nyumba ukafunguliwa tena, wakatoka wengine wanne wamefunikwa, wanaimba, na Kipkirui hakungoja hata wajipange. Alikwenda moja kwa moja kwa wa tatu, akasimama mbele yake.

Virginia akaitwa, kwa kuwa ni kazi ya mama. Alishika ukingo wa leso kwa mikono miwili, ukamponyoka kwa furaha, akaanza upya. Akaifunua polepole. Nyuma kabisa, miongoni mwa wazee, Mzee Wilson alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, na vichwa vya watu vilikuwa vimemzuia kuona.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye, Mzee," Virginia akasema. "Lakini usikubali kwa sababu nimesema mimi. Njoo umwone."